Taa Iko Angani, Sikio Liko Kilimani: Rada Inayorushwa na Ndege na Kupokewa Ardhini

Wakulima wengi wa skimu wanazijua picha zinazopigwa kutoka angani. Wazee wanakumbuka jinsi mashamba yalipokuwa yakiunganishwa na kugawanywa katika miaka ya 1950 na 1960. Watu waliambiwa wapande ua katika mipaka yao, na ua ulipokwisha kukua ndipo eropleni ilipopita juu na kupiga picha. Ua uliokawia kukua haukuonekana, na mwenye shamba hilo alibaki na mpaka wenye mashaka. Ramani nyingi za mashamba zilitokana na picha za namna hiyo.

Picha hizo ni nzuri, ila zina kizuizi kimoja ambacho hakiondoki hata kamera iwe ya bei gani: zinataka mwanga wa jua na anga isiyo na mawingu. Nasi twajua kwamba wakati mkulima anapotaka sana kufahamu hali ya ardhi yake ni wakati wa mvua ndefu, na hapo ndipo Kinangop, Kisii na Nandi hufunikwa na mawingu majuma mazima. Kamera iliyo juu ya mawingu huona mawingu tu.

Rada haina taabu hiyo. Rada haingojei jua, maana inakuja na taa yake yenyewe; hurusha mawimbi ya redio, mawimbi yakagonga ardhi, kisha husikiliza mwangwi unaorudi. Mawimbi hayo hupita katika mawingu kama mwanga upitavyo katika kioo, na usiku na mchana kwake ni sawa. Setelaiti za Sentinel-1 za nchi za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hupita juu yetu karibu saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwenye kimo cha kilometa 693, na kila moja hurudia njia ile ile baada ya siku 12.

Katika rada ya kawaida mtambo unaorusha mawimbi ndio huo huo unaopokea mwangwi. Leo tunataka kueleza namna nyingine, ambayo mtambo wa kurushia uko angani, katika ndege au setelaiti, na mtambo wa kupokelea umewekwa chini, juu ya kilima au paa la nyumba. Mmoja anashika taa na mwingine anatazama. Jambo hili laonekana la ajabu, lakini mkulima akilifuata hatua kwa hatua ataona kwamba anazo tayari nusu ya habari zake.

KIPANDE CHA RELI NA JABALI

Tuseme mbele ya ofisi ya chama chenu cha ushirika kumetundikwa kipande cha reli, na karani hukigonga wakati wa kupokea maziwa. Wewe umesimama juu ya kilima cha pili, na upande mmoja kuna jabali kubwa. Reli ikigongwa utasikia mlio mara mbili: kwanza ule uliokuja moja kwa moja, halafu mwangwi uliopitia jabalini. Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde. Kama mwangwi ulikuja sekunde 2 baada ya mlio wa kwanza, basi njia ya kupitia jabalini ni ndefu kuliko njia iliyonyoka kwa mita 680. Ukijua pia umbali kati yako na ofisi, umekwisha anza kujua jabali liko wapi. Na wewe mwenyewe hukupiga kelele yo yote, ulisikiliza tu.

Rada yetu hufanya vivyo hivyo, isipokuwa mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde yamekwisha kwenda mita 300. Ukikosea saa yako kwa kiasi hicho kidogo, utaweka shamba la jirani mahali pa shamba lako. Tutarudi kwenye habari ya saa, maana ndiyo iliyowasumbua sana wataalamu.

Sasa, kuchelewa kwa mwangwi peke yake hakuonyeshi mahali. Jaribu mwenyewe uwanjani. Pigilia vigingi viwili ardhini, umbali wa hatua nne kati yake. Chukua kamba ya hatua sita, ufunge ncha moja kwa kigingi kimoja na ncha ya pili kwa kigingi kingine. Ingiza kijiti katika kamba, uikaze, uzunguke nacho huku ukichora mavumbini. Utapata mchoro uliorefuka kama yai. Kigingi kimoja ni ndege, cha pili ni mtambo wako wa kupokelea, na kamba ni njia ya mawimbi. Mahali po pote kwenye mstari huo mwangwi utachelewa sawasawa. Kwa hiyo ukisikia mwangwi, wajua tu kwamba kitu kiko mahali fulani katika mstari wa yai hilo. Katika rada ya kawaida vigingi vyote viwili viko mahali pamoja, na mchoro unakuwa duara.

Huku ukiwa na kamba mkononi, tazama na jambo hili. Weka jiwe katikati ya vigingi viwili, kwenye mstari ulionyoka. Njia ya kupitia hapo si ndefu kuliko njia iliyonyoka, kwa hiyo mwangwi wake hufika pamoja na mlio wa kwanza, na huwezi kuutenga. Mawe yote yaliyo kwenye mstari huo, la karibu na la mbali, yatasikika mara moja. Ndiyo sababu watu wa kazi hii hawaweki shamba kati yao na ndege. Hupenda ndege iwe nyuma yao, kama vile mpiga picha anavyoweka jua mgongoni.

MWENDO WA NDEGE NI SEHEMU YA MTAMBO

Kinachokata mstari wa yai na kuonyesha mahali hasa ni mwendo wa ndege. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara amesikia lori likija kwa mlio mkali, na likiisha kumpita mlio ukashuka. Mawimbi ya rada hugeuka namna hiyo hiyo. Ardhi iliyo mbele ya ndege hurudisha mawimbi yaliyobanwa kidogo, na iliyo nyuma hurudisha yaliyonyoshwa. Basi mwangwi una alama mbili: umechelewa kiasi gani, na umebanwa au kunyoshwa kiasi gani. Alama ya kwanza hutoa mstari wa yai, ya pili hutoa mstari mwingine unaoukata.

Aliyefikiri kwanza kutumia jambo hili ni Carl Wiley, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Goodyear huko Arizona, Marekani, mwaka 1951. Faida yake yaonekana katika hesabu ndogo. Setelaiti ya ENVISAT, iliyorushwa Machi 2002 na kunyamaza Aprili 2012, ilikuwa na antena ya urefu wa mita 10 na mawimbi ya sentimeta 5.6, kwenye kimo cha kilometa 800 hivi. Taa ya namna hiyo hutawanyika, na ikifika chini huangaza ukanda wenye upana wa zaidi ya kilometa 4. Katika upana huo skimu nzima ingekuwa doa moja. Lakini ukikusanya miangwi yote wakati setelaiti inapopita, ukaiunganisha kwa hesabu, ni kama umejenga antena ya urefu wa kilometa kadhaa. Ndipo vitu vya mita chache huanza kutengana.

Mtambo wa kupokelea ukikaa chini bila kutembea, mwendo unatoka upande mmoja tu, wa ndege. Katika rada ya kawaida mwendo huhesabiwa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwa sababu hiyo picha ya mtambo uliokaa hupoteza karibu nusu ya uangalifu wake kwenye upande wa mwendo: kilichoonekana kwa mita 5 sasa kitaonekana kwa mita 10. Hiyo ndiyo kodi ya kutokuwa na ndege yako mwenyewe.

KWA NINI MTU ATAKE KUFANYA HIVYO?

Wazo la kusikiliza mawimbi ya mtu mwingine si jipya. Tarehe 26 Februari 1935, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins wa Uingereza walitumia mawimbi ya kituo cha redio cha BBC kilichokuwa Daventry. Waliweka mtambo wa kupokelea katika shamba la maili chache kutoka hapo, ndege ya kijeshi ikapita, nao wakaona mwangwi wake. Kituo hicho kilikuwa kinatangaza vipindi vya redio, hakikujengwa kwa kutafuta ndege. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani nao waliweka mitambo ya kusikiliza katika pwani ya Ulaya, waliyoiita Klein Heidelberg, wakatumia mawimbi ya rada za Waingereza kuwaona Waingereza wenyewe. Asiyerusha mawimbi hawezi kugunduliwa kwa mawimbi yake.

Hayo ni ya vita. Kwa kazi za amani faida iliyo kubwa ni ya fedha. Kurusha mawimbi kutoka angani ni gharama kubwa. Kusikiliza ni gharama ndogo. Tena mwangwi unaofika kilimani una nguvu zaidi. Wimbi likigonga ardhi hutawanyika pande zote. Ili lirudi kwenye setelaiti lazima lipande tena kilometa 800, lakini ili lifike kwako kilimani lahitaji kwenda labda kilometa 4 tu. Umbali huo ni mdogo mara 200, na kwa kuwa nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, mwangwi unaokufikia una nguvu mara 40,000 kuliko ule unaorudi juu. Kwa hiyo antena isiyozidi ukubwa wa sinia ya kupepetea yatosha.

Hasara ni kwamba utaona tu kile kinachoonekana kutoka kilima chako, kilometa chache za nchi, na hutakiona mpaka mwenye taa apite. Setelaiti huangaza mahali pamoja kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja, kisha imekwenda. Msikilizaji hujua saa ya kupita kwake kutoka katika majedwali ya njia yake, huwasha mtambo kabla, huandika kila kitu, na kuzima. Akichelewa, asubiri siku nyingine: kwa ENVISAT ilikuwa siku 35 kupita tena njia ile ile.

Turudi kwenye saa. Anayerusha ana saa yake angani na anayepokea ana saa yake chini, na hakuna saa mbili duniani zinazokwenda sawa kabisa. Dawa yake ni ile ya kipande cha reli. Mtambo wa kupokelea hupewa antena mbili. Moja huelekezwa juu kwenye setelaiti, ili ipokee mawimbi yanayokuja moja kwa moja. Ya pili huelekezwa kwenye ardhi inayotazamwa. Mlio wa kwanza ndio unaokuwa saa. Mwangwi hupimwa kwa kulinganishwa na mlio huo, na makosa ya saa zote mbili hukatana.

Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Catalonia, mjini Barcelona, Hispania, walijenga mtambo wa namna hiyo katika miaka ya 2000, wakauita SABRINA. Walitumia mawimbi ya setelaiti za ERS-2 na ENVISAT. Antena za kusikiliza mwangwi zikiwekwa mbili, moja juu ya nyingine, tofauti ndogo kati ya miangwi yake huonyesha hata mwinuko wa nchi. Baadaye Chuo Kikuu cha Siegen, Ujerumani, kilijenga mtambo wake na kutumia mawimbi ya TerraSAR-X, setelaiti ya Kijerumani iliyorushwa Juni 2007, inayokaa kilometa 514 juu na kurusha mawimbi ya sentimeta 3.1. Mtambo huo waliuita HITCHHIKER, yaani mtu anayesimama kando ya barabara kuomba lifti. Jina hilo lafaa sana.

Badala ya setelaiti yaweza kutumiwa ndege. Ndege ina sifa moja kubwa: huenda siku unayotaka, na yaweza kupita mara kumi asubuhi moja. Lakini ndege husukumwa na upepo. Kama mawimbi ni ya sentimeta 3, ndege ikiyumba sentimeta moja bila kuandikwa, picha hufifia. Kwa hiyo hubeba vyombo vya kupima kila mtikisiko, na hapa pia mlio wa kwanza unaofika kilimani husaidia kusahihisha. Ujerumani na Ufaransa zilijaribu kati ya Oktoba 2002 na Februari 2003 kwa ndege mbili, moja ikirusha na nyingine ikipokea. Na tangu mwaka 2010 setelaiti mbili za Kijerumani, TerraSAR-X na TanDEM-X, zimekwenda bega kwa bega mita mia chache tu kati yake, moja ikirusha na zote mbili zikipokea. Kwa njia hiyo ramani ya miinuko ya dunia nzima ilikamilishwa mwaka 2016, milima yetu ikiwamo.

Wako hata wanaotumia setelaiti zile zinazoiambia simu yako uko mahali gani. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kimepata picha za rada kwa mawimbi ya setelaiti za namna hiyo. Ziko mbali, karibu kilometa 20,000, na mawimbi yake ni dhaifu, kwa hiyo mtambo wa chini lazima usikilize kwa dakika kadhaa, na picha ni za kukwaruza. Lakini setelaiti hizo ziko juu yetu kila saa, hakuna kungojea.

Jambo la Birmingham lina ndugu yake ambalo mimi naona litamfikia mkulima mapema kuliko mengine yote. Wapima ardhi huweka nguzo zenye antena za kupokea mawimbi hayo hayo, na siku zote walikereka kwa sababu mawimbi mengine hudunda ardhini kwanza, yakachafua vipimo. Kristine Larson wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha mwaka 2008 kwamba uchafu huo una habari. Udongo ukilowa mdundo hugeuka. Kwa hiyo nguzo iliyowekwa kwa kazi nyingine kabisa huweza kueleza unyevu wa sentimeta chache za juu za udongo unaoizunguka, kila siku, bila mtu kwenda na koleo.

RADA YAONA NINI KATIKA SHAMBA

Rada haioni rangi. Haijui kwamba mahindi ni ya kijani au yamekauka manjano. Inajua mambo mawili zaidi: ukali wa uso wa ardhi, na maji.

Shamba lililolimwa lenye mabonge hutawanya mawimbi pande zote, nalo huonekana jeupe. Maji ya bwawa yaliyotulia huyatupa mawimbi yote mbele, kama mpira unaodunda sakafuni, na katika rada ya kawaida huonekana meusi kwa sababu hakuna kinachorudi. Hapa mtambo wa chini unatofautiana. Ukiwa umekaa upande ule ambao mpira unadundia, bwawa lile lile litang'aa kuliko kitu cho chote. Mtu aliyezoea picha za rada ya kawaida yampasa ajifunze upya kusoma.

Kuhusu maji, wataalamu wana hesabu inayoonyesha kitu huitikia mawimbi kwa nguvu gani. Udongo mkavu ni 3 hadi 5, maji ni karibu 80. Ndiyo sababu shamba lililonyeshewa jana hutofautiana sana na lililo kavu, hata kama kwa macho yanafanana.

Lakini rada husoma ngozi ya ardhi tu. Ni kweli kwamba mwaka 1981 rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Marekani ilionyesha mikondo ya mito ya kale iliyofunikwa na mchanga wa Sahara. Mchanga ule ni mkavu kupita kiasi, na mawimbi yake yalikuwa marefu, ya sentimeta 23 hivi. Hata hivyo yalipenya mita chache tu. Katika udongo wetu wenye unyevu mawimbi husimama katika sentimeta za kwanza. Kwa hiyo akija mtu katika skimu kuwaambia kwamba setelaiti ya rada imeona maji mita 100 chini ya shamba lenu, na kwamba mkusanye fedha awaonyeshe mahali pa kuchimba kisima, msimpe hata senti. Mwiteni afisa wa maji.

MITEREMKO INAYOTEMBEA

Mpaka hapa tumesema habari ya kuona. Rada hupima pia kusogea. Ikipita mara mbili kwenye njia ile ile, wimbi la pili hulinganishwa na la kwanza, na ardhi iliyosogea sentimeta moja hujionyesha. Wakulima wanaotazama Mlima Longonot kutoka Kinangop watapenda kujua kwamba setelaiti ya ENVISAT, ile ile iliyotumiwa na watu wa Barcelona, iliona mlima huo ukiinuka karibu sentimeta 9 kati ya mwaka 2004 na 2006. Mlima Paka, kaskazini zaidi, uliinuka karibu sentimeta 21 mwaka 2006 na 2007. Wataalamu walitangaza habari hizo mwaka 2009. Hakuna mchungaji aliyehisi cho chote chini ya miguu yake.

Sasa fikiri habari ya miteremko. Novemba 2019 ardhi iliporomoka usiku huko West Pokot na kuua watu zaidi ya 50. Usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025 mteremko ulishuka Chesongoch, katika Elgeyo Marakwet, na familia zikafukiwa. Watu huuliza kwa haki: kama rada yaweza kuona mlima ukiinuka sentimeta, kwa nini haioni mteremko unaotaka kuanguka?

Jibu la kwanza ni kwamba setelaiti huenda kutoka kaskazini kwenda kusini au kinyume chake, na hutazama pembeni, mashariki au magharibi. Mteremko unaoielekea hujikunja katika picha, juu na chini vikapandana mahali pamoja. Mteremko mkali unaoipa mgongo hukaa katika kivuli. Na ardhi ikisogea kuelekea kaskazini au kusini, umbali wake na setelaiti haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Hapa ndipo mtambo wa chini unapofaa. Ukiwekwa kwenye kilima cha upande wa kaskazini au wa kusini, unapokea mwangwi kutoka upande mwingine, na kusogea kule ambako setelaiti haikuhisi, mtambo hukuhisi. Picha ya setelaiti yenyewe na picha ya kilimani zikiwekwa pamoja, mtaalamu anajua ardhi inakwenda wapi, si kwamba inakwenda tu. Mteremko ulio kivulini, lakini, mtambo wa chini hauwezi kuuokoa: pasipofika taa hapana mwangwi.

Jibu la pili si la kufurahisha. Mawimbi ya sentimeta 3 au 5 hugonga majani kabla ya kugonga udongo, na majani hayakai mahali pamoja kutoka siku hii hata siku ya kumi na mbili. Kwenye msitu au shamba la chai vipimo hupotea. Vinavyobaki ni mawe, barabara, kuta na mapaa ya mabati. Jibu la tatu: tope linaloshuka kwa dakika tano kati ya kupita kwa leo na kupita kwa juma lijalo, rada italiona likiwa limekwisha fika chini. Inaweza kuona mteremko unaotambaa polepole kwa miezi kabla ya kuanguka. Haitapiga kengele usiku.

Kwa hiyo wale wanaokaa chini ya miteremko wasiache kutumia macho yao kwa kungojea mitambo. Ufa mpya unaofuata mlalo wa mteremko, nguzo za ua au miti iliyoanza kuinama kuelekea chini, mlango uliokuwa ukifunguka vizuri na sasa unakwama, chemchemi iliyogeuka tope au iliyotoka mahali papya: hizo ni habari za kupeleka kwa chifu siku hiyo hiyo, na mvua ikiwa inaendelea, familia ilale mahali pengine.

IKIWA WATU WATAKUJA SHAMBANI KWAKO

Kazi ya mitambo ya chini bado iko zaidi mikononi mwa vyuo vikuu, na wenye kufanya utafiti hutafuta vilima. Mwenye shamba lililo juu, lenye kutazama bonde, anaweza kufikiwa na watu wanaoomba mahali pa kuweka mtambo. Yafaa ajue mambo machache. Mtambo wa kupokelea haurushi mawimbi. Ng'ombe na watoto hawadhuriki nao kuliko wanavyodhurika na redio ya jikoni. Unahitaji mahali pa ukubwa wa kibanda cha kuku, umeme kidogo, labda wa jua, na uwazi wa pande mbili: upande wa anga anakotoka mwenye taa, na upande wa mteremko unaotazamwa. Kwa hiyo watakuomba usipande miti mirefu mbele yake. Hilo ndilo la kufikiri kabla ya kukubali, maana mti wa miaka minne ni mali. Waandike muda, malipo kama yapo, na nani ataondoa saruji kazi ikiisha.

Pengine utakuta kilimani kitu kingine, pembe tatu za bati zilizounganishwa kama kona ya sanduku, zikitazama juu. Hicho si mtambo wa kupokelea. Ni kioo cha rada, ambacho hurudisha wimbi kule kule lilikotoka, ili setelaiti iwe na alama isiyosogea. Kwa mtambo wa kilimani hakina kazi, kwa sababu kila kinachokigonga kinarudi angani na yeye hapati cho chote. Lakini kwa wapimaji wa setelaiti ni alama ya thamani. Mtu akikigeuza kidogo tu ili afunge mbuzi, au akichukua bati moja kuzibia paa, vipimo vya miaka vinakatika. Kikiwa katika njia yako ya kulima, usikihamishe mwenyewe. Peleka habari kwa Bwana Shamba au kwa chifu, naye amtafute mwenyewe.

Picha za Sentinel-1 hazilipiwi, na mtu ye yote aweza kuzipata. Kuzisoma ndiko kunakotaka mtu aliyefundishwa. Mjini Nairobi, huko Kasarani, kuna kituo cha nchi kadhaa za Afrika cha kupima na kuchora ramani za mali ya asili, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho kazi yake ni mambo ya namna hii. Chama cha ushirika kinachotaka kujua habari za mteremko wake au bonde lake la maji hufanya vema kupeleka ombi kupitia ofisi ya kilimo ya kaunti, likiwa na jina la skimu, namba za mashamba yanayohusika, na tarehe ambayo ufa wa kwanza ulionekana.